Mgeni Apewe Nini? Kulea Wanamuziki wa Ridhaa, Bagamoyo na Kwingineko

Katika ngoma za Mrima, yaani pwani ya bara, mgeni akikubaliwa kukaa na wapigaji mara nyingi huanzia kwenye chapuo. Ni ngoma ndogo, nyepesi, na kazi yake ni moja: kurudia pigo lile lile tangu wimbo unaanza mpaka unakwisha. Ngoma ya vumi inanguruma chini yake. Msondo, ile ngoma ndefu, unasemezana na wachezaji, unawaita, unawakatiza, unawaachia. Mwenye chapuo haruhusiwi kuongeza neno. Hata hivyo akisita pigo moja tu, wachezaji wanageuza shingo, kwa sababu miguu yao ilikuwa imemtegemea yeye.

Desturi hii inaibua swali ambalo watu wa nchi nyingi wamelijibu kila mmoja kivyake. Mtu ambaye muziki si kazi yake, awe mvuvi, fundi cherehani au mwalimu wa shule ya msingi, hukuaje katika muziki? Mikono anaipata wapi, na sikio analipata wapi? Bagamoyo, mji wa Mrima, ni mahali pazuri pa kuulizia, maana majibu yake ni mengi ndani ya mji mmoja. Serikali ilianzisha hapa Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao mwaka 1868, na kwaya za kanisa zina mizizi huko. Tarika ya Kadiria, ambayo Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliiongoza hapa mpaka alipofariki mwaka 1931, ina zikri na kasida ambazo wenyewe wanazihesabu kuwa ibada, hawazichanganyi na muziki. Nami naheshimu mpaka huo, ingawa pumzi na sikio vinafunzwa humo kwa ukamilifu mkubwa. Na nje ya kuta hizo zote kuna vikundi vya ngoma vya Wazaramo na Wakwere, ambavyo watu wake asubuhi wako baharini, shambani au sokoni.

Nikiziweka desturi hizi karibu na za nchi nyingine, naona kwamba penye malezi mazuri ya wanamuziki wa ridhaa daima kuna jambo moja lililofikiriwa sana, hata kama halikuandikwa popote: kazi gani apewe mtu asiyejua kitu, siku ya kwanza, bila kuharibu muziki wa wengine. Kila mahali wamechagua kazi tofauti, na tofauti hiyo inafika mbali.

Tuanze na jirani. Amadinda ya Buganda ni marimba ya vibao 12 vilivyolazwa juu ya mashina ya migomba, na hupigwa na watu watatu waliokaa pande mbili. Wa kwanza, omunazi, anapiga wimbo wake kwa mwendo ulio sawa kabisa, asiharakishe wala asipunguze. Wa pili, omwawuzi, anaingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake, kila pigo mahali palipokuwa wazi. Wakishika kasi, hakuna tena nafasi wazi, na msikilizaji anaanza kusikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja kati yao anayezipiga: sikio linaokota sauti za juu peke yake na za chini peke yake. Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria aliyejifunza kwa Evaristo Muyinda, mpigaji mashuhuri wa jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, aliueleza muujiza huo katika maandishi yake ya mwaka 1962.

Mtu wa tatu ndiye anayenivutia zaidi. Huyu, omukoonezi, ana vibao viwili tu vya mwisho wa juu. Kazi yake ni kusikiliza mseto wa wenzake wawili, kunasa kila sauti inayoangukia kwenye vibao viwili vya chini kabisa, na kuirudia huku juu. Mikono yake haina kazi ngumu. Sikio lake lina kazi kubwa kuliko la wenzake, kwa sababu anachokipiga hakimo katika mkono wa yeyote kati yao. Kimo katika jumla yao. Chapuo ya Mrima inamtaka mtu awe imara wengine wanapobadilika, na omukoonezi anatakiwa aelewe kitu kilichotengenezwa na wengine kisha akirudishe wazi zaidi. Zote mbili ni kazi za mtu ambaye vidole vyake havijakomaa, lakini moja inajenga uti wa mgongo na nyingine inajenga usikivu. Mwenye chapuo anaweza kukaa miezi bila kujua msondo unasema nini, mradi hatetereki. Omukoonezi asiyejua wenzake wanafanya nini hana la kupiga.

Ukiyatoka maziwa makuu ukaenda Ujerumani ya karne ya 18, unakuta mwanamuziki wa ridhaa amewekwa mahali pengine kabisa: nyumbani kwake, mbele ya kinanda, na karatasi. Carl Philipp Emanuel Bach alitoa kati ya mwaka 1779 na 1787 mikusanyo sita ya muziki wa kinanda ambayo jalada lake lilitangaza kuwa ni kwa ajili ya wajuzi na wapenzi. Mpenzi wa muziki alikuwa mteja wa kuheshimiwa, mtu anayenunua karatasi na kukaa nayo jioni. Huyu hujifunza akiwa peke yake na mwalimu mmoja, ngazi ya sauti kwanza, kisha kipande kidogo, kisha kikubwa. Kila kitu kinaanzia katika mwili mmoja. Faida yake si ndogo: anaweza kufanya mazoezi usiku wa manane, anaweza kurudia mstari mmoja mpaka ukae, na siku moja atapiga wimbo mzima bila kumhitaji mtu. Mwenye chapuo hawezi kupiga ngoma nzima peke yake hata akiishi miaka mia.

Lakini mtu wa kinanda pia anaweza kukaa miaka kumi bila kumsubiri mtu. Wayne Booth, profesa wa fasihi wa Chicago, alianza kujifunza cello akiwa na miaka 31, na mwaka 1999 akatoa kitabu kizima kuhusu mapenzi hayo, akisimulia kazi ndefu ya faraghani na furaha ya kukaa na wenzake watatu kupiga kwa pamoja. Njia yake ni kinyume cha ile ya pwani. Kwake mtu hutaabika kwanza, kisha anaruhusiwa kukaa na wenzake. Mrima mtu hukaa na wenzake kwanza, taabu ikamfuata hapo hapo alipokaa. Sioni sababu ya kusema njia moja ni ya watu makini na nyingine ya watu wa starehe. Booth alikuwa na uvumilivu wa kupigiwa mfano, na mwenye chapuo anao pia, ila wa aina nyingine: wa kubaki pale pale wakati kila mtu mwingine anaruhusiwa kuruka.

Uingereza ya viwanda ilipata njia ya kati ambayo inatuhusu kuliko tunavyodhani. Katika wilaya za Yorkshire na Lancashire, wafanyakazi wa viwanda vya nguo na wachimba makaa waliunda bendi za tarumbeta, na mashindano ya Belle Vue mjini Manchester yalianza mwaka 1853. Hawa walisoma nota, lakini nota zenyewe zilipangwa kwa kuwafikiria watu wanaotoka kazini wamechoka. Karibu ala zote za bendi hizo, kuanzia kornet ndogo mpaka tuba kubwa, huandikiwa kwa ufunguo ule ule mmoja na kuchezwa kwa vidole vile vile. Mwenye kornet akihitajika kwenye ala ya chini kwa sababu mwenzake ameumwa, anahama bila kujifunza kusoma upya. Mwenye akili aliyefikia mpango huo alijua kwamba bendi ya watu wa ridhaa daima ina pengo mahali fulani, na pengo lazima lizibwe Jumamosi hii hii.

Bendi za namna hiyo, kupitia majeshi, misheni na jumba la Sultani wa Zanzibar, ziliigwa pwani yetu katika miaka ya 1890, na kule Lamu na Mombasa ikazaliwa ngoma ya beni. Mwanahistoria Terence Ranger aliuandikia mchezo huo kitabu, kilichotoka mwaka 1975. Katika miji ya Tanganyika makundi mawili makubwa yalikuwa Marini na Arinoti, yenye vyeo vya kijeshi, matawi mji kwa mji, gwaride, na ushindani uliofika mpaka kwenye karamu na mavazi. Wanachama walikuwa makarani, askari, wapagazi, mafundi. Mwingereza wa Lancashire na Mswahili wa beni wangetambuana mara moja katika jambo moja: mazoezi yalikuwa makali kwa sababu mahasimu walikuwa ng'ambo ya mtaa. Mtu anayelipwa hufanya mazoezi kwa ajili ya mshahara. Mtu wa ridhaa anahitaji sababu nyingine ya kutoka nyumbani jioni, na aibu ya kushindwa na jirani ni sababu kubwa.

Wanatofautiana katika hukumu. Kwenye Belle Vue bendi zilipewa kipande maalumu cha kupiga, na majaji wakapima nani amekipiga kwa usahihi zaidi. Kwenye beni, kama ilivyokuwa kwenye lelemama ya akina mama, hakukuwa na kipande kimoja cha kupimia. Watu waliangalia nani ametoa wimbo mpya, nani amevaa, nani amelisha wageni, nani ametunga fumbo lililomchoma mwenzake. Ufundi wa kupiga ulikuwa sehemu moja ya mambo mengi. Hivyo Mwingereza alikuzwa kuwa mtekelezaji sahihi kupita kiasi, na mtu wa beni alikuzwa kuwa mtungaji na mjuzi wa hadhira yake. Tukiwauliza leo nani alikuwa na uelewa mkubwa wa muziki, kila mmoja atajibu kwa kipimo alicholelewa nacho.

Klabu ya muziki ndiyo mrithi wa tabia hiyo ya beni. Simulizi za Zanzibar zinasema Sultani Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Kairo akajifunze kupiga kanuni, ala ya nyuzi ya taarabu. Lakini taarabu ilipotoka jumbani na kuwa mali ya watu ilihitaji chombo kingine, na mwaka 1905 vijana wa mjini walianzisha Nadi Ikhwan Safaa, ambayo mpaka leo ipo. Culture Musical Club, Mila na Utamaduni, ilifuata mwaka 1958. Bara nako, katika miaka ya kati ya karne ya 20, bendi za jazi kama Morogoro Jazz na Cuban Marimba zilisimama kwa mtindo wa klabu. Siri ya klabu ni kwamba ala ni za chama. Karani asiye na uwezo wa kununua fidla anaikuta ukutani. Akikosa kuja wiki mbili, fidla inabaki; na kijana aliyekuwa akiitazama anapata nafasi ya kuigusa.

Mtu wa Bali, kisiwa cha Indonesia, angeielewa klabu hii bila kuelezwa. Huko, gamelani, ile seti ya ala za vyuma vya kugonga, kwa kawaida humilikiwa na mtaa, banjar, au na chama cha wapigaji kiitwacho sekaa, na wapigaji ni wakulima, madereva, wafanyakazi wa hoteli. Malipo wakiyapata huingia mfuko wa pamoja. Mwalimu wao hafundishi kwa karatasi. Anakaa ng'ambo ya ala, anapiga wimbo kutoka upande wa nyuma, na mwanafunzi anafuata mwendo wa nyundo yake kama kioo, kipande baada ya kipande, mpaka wimbo wote umehamia. Na kama kule Buganda, sauti nyingi za gamelani zinafumwa na watu wawili, mmoja anayepiga juu ya pigo kuu na mwingine anayejaza nafasi.

Kuna tofauti mbili ambazo zisifunikwe na mfanano huo. Ya kwanza ni kinachowakusanya. Sikukuu ya hekalu la Bali kwa kawaida hurudi kila baada ya siku 210, na muziki ni deni la mtaa kwa miungu. Hauahirishwi kwa kukosa wateja. Klabu ya Zanzibar inaitwa na harusi, na harusi ina msimu wake, fasheni yake na bei yake. Ya pili inagusa moja kwa moja swali la kazi ya mgeni. Katika gamelani ipo sauti moja ambayo mtoto angeweza kuipiga kwa mkono mmoja, nayo ni ya upatu mkubwa unaofunga kila mzunguko. Lakini upatu huo hupewa sadaka na heshima kuliko ala nyingine zote. Jambo lililo jepesi kwa mkono limewekwa juu kabisa kwa hadhi. Kwetu chapuo haina hadhi hiyo. Mtu huiacha akipata nafasi, na hakuna anayejisifu kwamba yeye ni mpiga chapuo. Nafikiri hapo Wabali wametuzidi. Kazi ya mwanzo ikiwa pia ni kazi ya heshima, mtu anaweza kuirudia uzeeni bila kuonekana ameshushwa.

Zanzibar, hata hivyo, ina kitu ambacho sijui kama Bali inacho: mlango wa uani. Kabla kijana hajakubaliwa kwenye klabu ya taarabu, mara nyingi alikuwa amepitia kidumbaki. Huko kuna ngoma mbili ndogo za udongo au mbao, cherewa, vijiti vya mkwasa, fidla moja inayolilia juu, na sanduku. Sanduku ni kasha la mbao la kusafirishia chai lililogeuzwa kifudifudi; katikati umetoka uzi mmoja mzito uliofungwa kwenye mti. Mpigaji anaukanyaga ubavu wa kasha usiyumbe, mkono mmoja unauvuta na kuulegeza mti, mwingine unadonoa uzi. Hakuna alama popote ya kuonyesha sauti iko wapi. Mkono unaitafuta, sikio linakataa au linakubali, na baada ya muda mkono unajua. Nyimbo zinazopigwa ni zile zile za taarabu zinazovuma, zimeunganishwa moja baada ya nyingine na kuongezwa kasi ili watu wacheze. Kwa hiyo kijana anaingia klabuni akiwa tayari na nyimbo kichwani na besi mkononi. Kinachobaki ni adabu, subira na ala yenyewe.

Kasha hilo hilo la chai, kwa bahati ya biashara ya dunia, lilifika Liverpool. Katika miaka ya 1950 vijana wa Uingereza waliokuwa hawana fedha ya ala walianza muziki walioita skiffle: gita la bei rahisi, ubao wa kufulia nguo ukikwaruzwa kwa vidole, na kasha la chai lenye ufito na kamba kwa ajili ya besi. John Lennon alianzisha kikundi cha namna hiyo, The Quarrymen, mwaka 1956, naye Paul McCartney akajiunga mwaka uliofuata. Ufundi wa kupiga kasha ni mmoja Liverpool na Unguja, na hakuna aliyemfundisha mwenzake kwa kadiri nijuavyo. Lakini angalia kilichofuata. Kwa vijana wa Liverpool kasha lilikuwa ngazi: walipopata besi la umeme walilitupa, na skiffle yenyewe ikafifia ndani ya miaka michache. Unguja kidumbaki kimebaki kando ya klabu, kina harusi zake na wapenzi wake, na mwanamuziki aliyekubuhu hurudi kukipiga bila kuona haya. Waingereza walipata kasi ya mabadiliko ambayo imeibadilisha dunia. Wazanzibari walihifadhi mlango ambao kizazi kinachofuata kinaingilia. Kila upande ulilipa gharama ya chaguo lake.

Mlango mwingine, ambao Bagamoyo unajulikana kila parokia, ni wa herufi saba: d r m f s l t. Mfumo huu ulianza Norwich, Uingereza, kwa mwalimu aitwaye Sarah Glover, ukaendelezwa tangu miaka ya 1840 na mchungaji John Curwen, aliyetaka watoto wa shule za Jumapili na wafanyakazi wasiojua nota waweze kuimba sauti nne. Wamisionari waliubeba hadi Afrika. Nguvu yake ni kwamba do husogea: wimbo ukianzia juu au chini, uhusiano wa sauti unabaki ule ule, na mtu anajifunza uhusiano badala ya kukariri vibonye. Zoltán Kodály aliuchukua kwa ajili ya shule za Hungaria, pamoja na ishara zake za mikono. Uingereza kwenyewe siku hizi ni wachache wanaousoma. Tanzania mwalimu wa kwaya bado anauandika ubaoni, anatoa do, na soprano, alto, tena na besi wanaingia.

Namna tunavyoutumia, hata hivyo, si ile ya Curwen. Yeye alitaka kila mwimbaji asome. Katika kwaya zetu nyingi anayesoma ni mwalimu na wachache waliomzunguka. Wengine wanashika sauti yao kwa kusikiliza, wakikaa karibu na mwenye sauti imara kama mwenye chapuo anavyokaa karibu na vumi. Mwingereza wa karne ya 19 angeona huo ni upungufu. Mimi naona ni mseto wenye busara: karatasi inahifadhi wimbo na kuusafirisha kutoka Mwanza hadi Bagamoyo, sikio linaufanya uimbike kufikia Jumapili. Hasara yake ni kwamba mwimbaji anaweza kukaa kwenye besi miaka 20 bila kujua alto inafanya nini, na akihama parokia anaanza upya. Mwalimu anayewabadilishia watu sauti mara moja moja, hata kwa zoezi tu, anawafanyia hisani ambayo omukoonezi anaipata kila siku.

Na herufi saba hazitoshi kila mahali. Makamu ya rast, ngazi ya sauti za Kiarabu ambayo mpiga udi wa Zanzibar anaijua kwa vidole, ina sauti ya tatu inayokaa kati ya sauti mbili za kinanda; hakuna herufi yake. Muziki wa Wagogo nao umejengwa juu ya sauti zinazotoka kwa maumbile ndani ya uzi mmoja au koo moja, na ile ya saba katika mfululizo huo iko chini kidogo kuliko sauti iliyo karibu nayo kwenye kinanda. Mtu aliyekuzwa na kinanda husikia kosa. Aliyekuzwa na ilimba, ala ya Wagogo, husikia kwamba kinanda ndicho kilichokosea.

Ilimba ilifika Bagamoyo na Hukwe Zawose, Mgogo aliyehamia pwani, akafundisha Chuo cha Sanaa, akazunguka dunia, na akafariki hapa mwaka 2003. Ni marimba ya vyuma juu ya kasha, vyuma vingi, vingine havidonolewi kamwe. Vipo ili vitikisike vyenyewe vingine vikilia. Matundu ya kasha huzibwa kwa utando wa buibui, na sauti hutoka na mvumo wa kukwaruza ambao mpigaji anauchunga kwa makini. Nyumba ya Zawose ilikuwa shule. Watoto walikua wanasikia kabla ya kugusa, wakagusa kabla ya kuelezwa, na mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wakitumia jina la The Zawose Queens, walitoa albamu ya Maisha, wakishika ala ambazo katika desturi ya zamani zilikuwa mikononi mwa wanaume.

Shinichi Suzuki wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1898, alikuwa amefikia fikra inayofanana na nyumba hiyo. Alishangaa kwamba kila mtoto wa Kijapani huongea Kijapani bila taabu, akauliza kwa nini fidla isijifunzwe hivyo hivyo: kusikia kwanza, kuiga, mzazi akiwa kando, kusoma baadaye. Shule yake ya Matsumoto ilianza mwaka 1946, na mbinu imeenea dunia nzima. Tofauti na nyumba ya kina Zawose ni kubwa, na nadhani wote wawili wangeikubali. Suzuki alilazimika kuitengeneza lugha ya nyumbani mahali ambapo haikuwepo. Mzazi wa Matsumoto hakuwa mpiga fidla, kwa hiyo santuri ilisimama badala ya nyumba, na watoto wote wakapita vipande vile vile kwa mpangilio ule ule. Mtoto wa Kigogo hana mpangilio. Ana mavuno, jando na misiba, na wimbo humjia pamoja na sababu ya kuimbwa. Njia ya Suzuki inamwezesha mtoto ambaye hakuna mwanamuziki katika ukoo wake. Ya Wagogo inampa mtoto maana ya wimbo kabla ya wimbo, lakini aliyezaliwa nje ya nyumba hiyo atabisha hodi wapi?

TaSUBa ilianzishwa kujibu swali hilo kwa taifa zima: sindimba ya Wamakonde, bugobogobo ya Wasukuma na lizombe ya Wangoni zikafundishwa katika uwanja mmoja kwa vijana wasiozaliwa nazo. Kazi hiyo ni ya thamani, na imewatoa wasanii wengi. Lakini stashahada ni ya anayetaka usanii uwe riziki yake. Muuza samaki wa bandarini mwenye miaka 40 na hamu ya zeze hayumo katika hesabu.

Huyu siku hizi anakimbilia simu. Sitaibeza. Video inamruhusu kusimamisha mkono wa fundi, kurudi nyuma, kutazama kidole kimoja mara 30. Ngoma haijawahi kumsubiri mtu namna hiyo, wala mwalimu wa Bali. Kwa mikono, simu ni mwalimu mvumilivu kuliko binadamu yeyote. Ila simu haitetereki mwanafunzi anapotetereka. Hasikii pengo lake katika miguu ya mtu mwingine, na hakuna anayemsubiri. Anafika mbali kwa vidole, kisha siku akialikwa harusini anagundua kwamba hajui aingie lini wala anyamaze lini. Hilo Booth alilipata kwa wenzake watatu, na mpiga sanduku kwa wachezaji wa uani.

Bagamoyo ina walimu wa kutosha na nyimbo za kutosha kwa mtu kama huyo. Inachokosa ni kitu ambacho banjar za Bali na klabu za Unguja zinacho: ala za chama, zilizokaa mahali ambapo mtu mzima anaweza kufika saa 12 jioni akitoka kazini, akakuta wenzake na akapewa kazi inayomfaa. Hakihitaji jengo jipya. Mazeze machache, ilimba moja au mbili, sanduku, cherewa, ngoma za kuanzia, na siku mbili za wiki ambazo kila mtu anazijua. Ngozi zitachanika na nyuzi zitakatika, kwa hiyo kuwe na mfuko wa mchango, na mmoja achaguliwe wa kushika ufunguo.